Mbega Wasiohesabiwa

Jumatatu, 3 Februari

Kumi na nne tena. Nimefunga fundo la mwisho kwenye ukindu saa tatu na nusu, jua likiwa limeshaingia msituni. Wote walikuwa kwenye mkuyu mkubwa wa ukingoni, wanakula majani machanga. Fundo moja, mbega mmoja. Nikifika nyumbani nahamishia kwenye fomu ya mradi, pale palipoandikwa Idadi.

Barisa, mhesabu mwenzangu, hafungi fundo. Anasimama na fimbo yake mabegani, mikono imening'inia juu yake, anawataja tu. Yule wa sikio lililochanika yuko. Yule mwenye utosi mwekundu kuliko wenzake yuko. Mkia Mfupi yuko, kajitenga kidogo. Namba hatamki. Huu mwezi wa pili tunafanya kazi hii pamoja na sijamsikia akisema hata mbili. Waorma hawahesabu mifugo yao kwa mdomo, wasije wakaipoteza, najua, nimekua nao. Lakini mbega si ng'ombe wake, na huyu ameajiriwa ahesabu. Inaniudhi.

Tulipovuka, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Barisa alishika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili, akafumba macho mpaka ng'ambo. Mwanamume mzima.

Alhamisi, 6 Februari

Leo si siku ya mbega. Leo fomu ya mimea na vinginevyo. Mkindu umezaa, matunda ya rangi ya chungwa yamejaa chini na nyani wameshapita kabla yetu. Mkwaju umepukutisha. Hondohondo wawili wanaziba tundu kwenye mti mkavu, jike yuko ndani, dume anamletea chakula kwa upenyo. Nimemwonea wivu na kumhurumia kwa pamoja.

Kisha tukaenda mto wa zamani. Mto ulihama nikiwa na mimba ya Dhidha. Ulijikatia njia nyingine upande wa mashariki, ukaacha huku bonde la matope na dimbwi moja. Dimbwi limejaa yungiyungi za zambarau. Mdiria alikaa kwenye unyasi, akaingia majini, akarudi na samaki, akakaa palepale. Chini ya matope yaliyopasuka samaki wa kamongo wamelala tangu kiangazi kianze, kila mmoja ndani ya ganda lake, wanangoja mvua. Unakanyaga juu yao na hawajui. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Nilikuwa na miaka saba, mama yuko mbele yangu na panga, anakata ukindu.

Barisa alinikoholea. Saa sita ilikuwa imepita na fomu iko nusu.

Jumapili, 9 Februari

Kaka yangu Komora alikuja baada ya kanisa. Hakunywa chai. Huwa hakatai chai.

Niandike vizuri ili nisije kujidanganya baadaye. Mafuriko ya Novemba yalimega shamba lake lote la migomba. Amebaki na ukanda wa mchanga usiootesha hata kunde. Msitu una udongo mweusi. Msitu ni wa ukoo wetu, na yeye ana watoto wanne. Hana kosa hata moja katika maneno hayo.

Makubaliano ya baraza na mradi ni ya mwaka mmoja mmoja. Mbega wakiwa kumi na nne kama mwaka jana, au zaidi, msitu unaachwa mwaka mwingine na mradi unaendelea kutunza kisima cha kijiji. Wakipungua hata mmoja, ukoo unagawana msitu na mapanga yanaingia. Komora ameshachagua kipande chake. Ni kile chenye mikindu ya mama.

Baraza ni tarehe 22 Machi. Wahesabu wawili, kila mmoja atatamka idadi kwa kinywa chake mbele ya watu. Mwaka jana walisema namhesabia mama yangu marehemu, ili mikindu yake isikatwe, ndiyo maana safari hii wakataka mtu wa nje ya ukoo, asiye na fungu msituni. Wakamleta Barisa. Hakuna aliyemuuliza kama hutamka namba.

Nimeliwaza hilo mchana kutwa.

Jumanne, 11 Februari

Nimemuuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye gogo, mbega wamelala juu yetu, mikia inaning'inia. Nilimwambia siku ya baraza itabidi aseme. Alichora chini kwa fimbo, muda mrefu. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja mbega.

Mwaka wa ukame walikuja watu na gari, wanaandikisha mifugo ili walete majani na maji. Walitaka idadi. Wazee walinyamaza, kila mmoja alimwonyesha karani zizi lake ahesabu mwenyewe. Barisa alikuwa na haraka. Alisema namba yake kwa sauti, mbele ya wote. Majani hayakufika. Mvua iliponyesha alikuwa amebakiwa na mtamba mmoja.

"Mimi nilisema na mdomo yangu, Mama Dhidha," akasema. "Si mtu mwingine."

Nilimjibu kwamba ukame uliua ng'ombe wa kila mtu, wa waliosema na wa walionyamaza. Ni kweli, lakini haikuwa ya kusema pale. Aliinuka akaenda kumtazama Mkia Mfupi.

Jumatano, 19 Februari

Kumi na nne.

Mbega hawana kidole gumba. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi za mradi lakini leo nimeona. Yule mwenye sikio alishuka chini kabisa, akashika tawi usawa wa kichwa changu. Vidole vinne, virefu, na pale pa gumba pana kinundu tu. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Nimerudi nyumbani nikasuka ukili hadi magharibi na muda wote nikiangalia gumba langu. Bila gumba hakuna mkeka. Yeye bila gumba anaruka kutoka mkuyu hadi mkuyu na mtoto tumboni. Huu mkeka nimeuanza Januari, nyeupe na zambarau, na sijui ni wa nani. Mikono inahesabu yenyewe, miyaa kumi na moja, pinda, rudi, kumi na moja. Mimi sijawahi kufanya kitu bila kuhesabu. Hata mazishi ya mama nilihesabu waliokuja.

Usingizini niliona msitu uko chini ya maji na sisi tunapita juu yake kwa mtumbwi, mbega wanaogelea kati ya matawi kama samaki. Barisa alikuwa amefumbua macho.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama, Barisa ameanza kufunga. Leo nimempelekea mkewe mchele kidogo wa kufuturu. Mtamba wake amefungwa karibu na mlango, rangi ya maziwa, na kidoa kimoja begani. Nilimsifia. Mke wa Barisa akageuza mazungumzo mara moja.

Ijumaa, 7 Machi

Kumi na tatu.

Nimehesabu mara tatu. Nimezunguka mkuyu, nimelala chali kwenye majani na kuhesabu mikia badala ya vichwa. Mafundo kumi na tatu. Barisa aliwataja mmoja mmoja hadi mwisho.

"Mkia Mfupi hapana leo," akasema.

Nilikuwa na hasira naye kana kwamba yeye ndiye aliyemficha.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi na tatu. Wale wale.

Nilimwambia Mkia Mfupi amekufa. Tai mkubwa anakaa upande ule, nimemwona. Barisa akasema hajafa, ana mimba. Tumbo limeonekana tangu Januari. Ng'ombe naye akikaribia kuzaa hujitenga na kundi, humkuti mpaka ndama awe amesimama. Hivyo tu, kama mtu anayekueleza jiko liko wapi.

Miezi miwili nimemfunga fundo huyo mbega. Sikuona tumbo. Niliona kumi na nne.

Nimeona aibu, na nimekasirika kwamba nimeona aibu. Kisha nikajiuliza, je kama ni mfugaji anayeota tu? Mbega si ng'ombe. Hakuna mahali kwenye karatasi za mradi panaposema wanajificha kuzaa.

Alhamisi, 13 Machi

Tumemtafuta siku tatu. Tumepita kila mkuyu, kila mtopetope, tumefika hadi kule miti ya mathenge ilikoingia na kuziba njia. Mikono yangu yote imechanwa na miiba. Jana tulimkuta kenge mrefu kuliko mimi, kajinyoosha juani, hakusogea. Leo kundi la yangeyange liliruka kutoka dimbwini likafunika mbingu, weupe mtupu, kisha likatua palepale lilipotoka. Tulisimama tukitazama, mimi na mtu mwenye kiu. Miaka ile ya ugomvi baina ya watu wetu tusingepanda mtumbwi mmoja. Leo tunatafuta mbega mmoja na hatuna hata nguvu ya kuzungumza.

Hatujampata.

Jumatatu, 17 Machi

Kifundo cha mguu wa kulia. Nimetumbukia kwenye njia ya kiboko, shimo limefunikwa na majani, nikasikia kitu kinachomoka ndani. Barisa alinibeba hadi mtoni. Hakuna aliyenibeba tangu utotoni. Alinuka moshi na maziwa. Alipiga pondo mwenyewe kunivusha, macho wazi, midomo inasoma dua.

Mguu umevimba kama papai. Mganga wa zahanati amesema wiki mbili nisikanyage. Baraza ni Jumamosi.

Jumatano, 19 Machi

Nimelala uani. Nasikia kijiji. Shoka la mtu mahali fulani, kuni tu, lakini kila likigonga nashtuka.

Barisa amevuka peke yake. Hajui kuogelea, amefunga, na mamba wako pale. Nilimkataza. Alisema atarudi adhuhuri na akarudi adhuhuri. Hajaona.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika 14 kwenye fomu. Kwa penseli.

Nimeiangalia asubuhi nzima. Imekaa vizuri, haionekani tofauti na zile nyingine. Nani angejua? Komora hajui kutofautisha mbega na tumbili. Nikawaza mikindu ya mama. Nikawaza watoto wanne wa Komora, wanaokula ugali mkavu jioni. Kuwadanganya watoto kwa ajili ya miti. Na kuifyeka miti ile kwa sababu ya mbega mmoja aliyeenda kusikojulikana. Nimelia kidogo, halafu nimefuta kwa kifutio cha Dhidha. Alama imebaki kwenye karatasi.

Nitasema nilichoona. Kumi na tatu. Namchukia kila mtu leo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika jioni hii hii kabla maneno hayajabadilika.

Baraza lilikaa kwenye darasa la chekechea, watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Niliingia na fimbo mbili. Barisa alikuwa amesimama nyuma, ukutani, midomo imekauka. Sikuwa nimemwona tangu jana asubuhi, alipovuka tena. Hakuniambia kitu na sikupata nafasi ya kumuuliza.

Mwenyekiti alinianzia mimi. Nilisimama. Nikasema kumi na tatu, na kwamba sijaingia msituni tangu Jumatatu. Komora alitazama chini. Nitamheshimu kwa hilo, hakufurahi.

Kisha Barisa. Alianza kama siku zote. Yule wa sikio lililochanika yuko. Yule wa utosi mwekundu yuko. Dume kubwa lenye kovu liko. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akacheka. Alikuwa hajafika nusu pale Komora aliposimama.

"Barisa, ndugu yangu, tunakusikia," alisema, kwa upole kabisa. "Lakini hapa tunataka idadi. Hadithi hatuwezi kuiandika."

Barisa alinitazama. Ningeweza kumwokoa. Ningeweza kusema basi, iacheni, chukueni yangu. Nilitaka kusema. Sikusema, kwa sababu nilitaka msitu kuliko nilivyotaka kumwokoa. Hilo nitalibeba.

Alishusha fimbo kutoka mabegani. Akaishika kwa mbele, mikono miwili, kama alivyoshika kingo za mtumbwi.

"Kumi na tano," akasema.

Mama mmoja wa Kiorma anayetuuzia maziwa alikuwa mlangoni. Aliziba mdomo kwa ushungi wake. Wazee wetu wawili, waliowahi kunyweshea mifugo pamoja na Waorma kwenye malka moja, njia ya mifugo ya kushukia mtoni, wakainua vichwa kwa pamoja.

"Mkia Mfupi amezaa," Barisa akaendelea. "Jana nimeona. Ndani ya mikindu, mto ya zamani. Yeye na mtoto. Kumi na tano."

Alisema mara ya pili bila kuulizwa.

Hakuna aliyeomba ushahidi. Nilikuwa nangoja mtu aombe, nimeshajiandaa kubishana. Komora alikuwa bado amesimama. Alimtazama Barisa muda mrefu, kisha akakaa kwenye kile kiti kidogo.

"Ameisema," alimwambia mwenyekiti. "Andika."

Sote pale tumekua kando ya Waorma. Tunajua mtu wa namna ile hawezi kuitumia namba kudanganya. Angedanganya kwa kitu chepesi zaidi.

Mwenyekiti akaandika. Msitu umebaki mwaka mwingine. Nilipogeuka Barisa hayupo. Alikuwa anatembea barabarani kwenye jua la saa saba, hana hata tone la maji mwilini, fimbo ameiburuta.

Sikuhisi furaha niliyoitegemea.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Mguu, nilisema. Nimekaa nikingoja habari mbaya kutoka kwa Barisa, kuhusu mtamba wake. Mimi, niliyemwambia ukame uliua ng'ombe wa kila mtu.

Jumatano, 26 Machi

Nimempa Komora nusu ya shamba langu la mpunga, ile ya karibu na maji. Nilituma mtu amwite, nikamwonyesha kwa fimbo akiwa amesimama na mimi nimekaa. Aliikubali bila kusema asante. Akasema mpaka umepinda. Umepinda kweli.

Kabla hajaondoka alikunywa chai.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri, nzito, bila upepo. Uani kote kunanuka udongo. Nimewaza kamongo kule chini ya matope, maganda yanalainika, wanafumbua macho mmoja mmoja bila kujua ni miezi mingapi imepita.

Jioni nimemaliza mkeka. Nimejua ni wa nani.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimekanyaga mguu kwa mara ya kwanza, polepole. Nimepeleka mkeka nyumbani kwa Barisa kabla ya watu kurudi kutoka kuswali. Mkewe aliutandika papo hapo na kuniketisha juu yake, kwenye mkeka wangu mwenyewe, akaniletea maziwa. Mtamba alikuwa mlangoni, amelowa mvua, anacheua. Nilimtazama hadi nikaona mbavu zake zikipanda na kushuka. Sikumsifia.

Barisa alirudi kwa kanzu nyeupe, akauona mkeka, akasema nina mikono. Kisha akaniuliza kama naweza kuvuka. Kwa kanzu ile ile. Alipiga pondo yeye.

Dimbwi limeungana na bonde lote, mto wa zamani umerudi kuwa maji. Yungiyungi zimepanda. Majani yote ya msitu yalikuwa yakidondosha matone na jua likipita ndani yake, na kwa muda sikuweza kujua kama bado inanyesha. Tulikaa chini ya mkuyu. Mfukoni nina ukindu, sikuutoa.

Niliporudi nyumbani nimefungua fomu. Pale kwenye Idadi nimepaacha wazi. Afisa wa mradi atapiga simu kutoka Garsen. Apige. Chini yake, kwenye nafasi ya maoni, nimeandika kwa kalamu:

Wa sikio lililochanika yuko. Wa utosi mwekundu yuko. Dume la kovu liko, limenenepa. Yule anayelala akiwa ameshika mkia wa mwenzake yuko, na mwenzake yuko. Wengine wako, nafasi haitoshi. Mkia Mfupi yuko. Mtoto wake ni mweusimweusi, uso umekunjamana, amemng'ang'ania tumboni kwa vidole vinne vinne.

Tuliposhuka mtumbwini nilipita njia ya kwa Barisa, ingawa kwangu ni upande mwingine na mguu ulikuwa unauma.

Mtamba yuko.